Mtoto ana uvimbe mgongoni na haueleweki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayasikia karibu kila wiki kliniki, na mengine yanaingia WhatsApp saa nne usiku na picha ya giza ambayo kidole cha mama kimeziba nusu. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida kwenda magumu. Kusoma hapa hakutakupa jina la ugonjwa wa mwanao, hilo ni la daktari aliyemshika kwa mkono, ila utajua uvimbe gani unasubiri hadi Jumatatu na upi hausubiri hata asubuhi.

## Kwanza kabisa

1. Nimekuta uvimbe wakati namwogesha, nianzie wapi?

Anza na ulipo. Wazazi wengi wanaanza na "ni nini" wakati swali la kwanza ni "uko wapi". Pitisha kidole kwenye pingili za uti wa mgongo kuanzia shingoni mpaka juu ya matako, alafu angalia: uvimbe uko juu ya huo mstari au pembeni? Wa pembeni mara nyingi ni mambo ya ngozi, mafuta au msuli. Ulio katikati kabisa ni habari nyingine, usibonyezwe wala kutumbuliwa na mtu yeyote mpaka uchunguzwe (swali la 9 na la 10).

Baada ya hapo ndo uangalie mengine: una joto? Unauma ukigusa? Unatembea chini ya ngozi au umeganda? Mgumu kama mfupa au laini kama pua? Piga picha mchana, weka sarafu pembeni yake, andika tarehe. Baada ya wiki mbili piga tena na sarafu ileile. Daktari akiona hizo picha mbili anapata kitu cha kushika kuliko "naona kama umeongezeka hivi".

2. Uvimbe ni kansa? Niambie ukweli.

Mara nyingi sana siyo. Vinundu vingi vya mgongoni kwa watoto ni jipu, kung'atwa na mdudu, mafuta, mfuko wa ngozi au damu iliyovilia baada ya kuanguka. Kansa ipo na ina dalili zake, nimeziweka swali la 14, ila usirukie huko kabla hujasoma yaliyo katikati.

3. Inawezekana ni mfupa tu wa kawaida?

Ndiyo, na inatokea kuliko watu wanavyodhani. Chini ya shingo, pale kola ya shati inapokaa, kuna pingili inayotokeza kwa kila mtu, jishike mwenyewe utaikuta. Mtoto mwembamba, au aliyetoka kuugua akapungua, pingili zake zote zinahesabika akiinama. Mfupa bapa wa bega nao unachomoza akirudisha mkono nyuma. Linganisha kulia na kushoto: kama pande zote ziko sawa na hapaumi, basi huo ni mwili wake. Ila kama ni pingili moja tu ya katikati imechomoza na juu na chini yake pako kawaida, nenda swali la 12.

## Unaouma, wenye joto, au umetokea ghafla

4. Najuaje kama ni jipu?

Jipu halijifichi. Linauma, lina joto, ngozi juu yake inang'aa (kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu, utaona tu pameiva na kuvutika), na baada ya siku chache linatengeneza mdomo. Dogo ambalo mtoto anacheza nalo bila homa, kanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, dakika kumi hivi, mara tatu nne kwa siku. Usilikamue. Ukikamua unasukuma usaha ndani.

Na tafadhali, ile dawa ya unga iliyobaki kabatini tangu kifua cha mwezi wa tatu usimpe. Vijidudu vinavyoleta majipu mara nyingi havisikii amoksilini, na jipu lililoiva dawa peke yake hailimalizi, linataka kupasuliwa na kusafishwa hospitali. Akiwa na homa, au uvimbe umezidi ukubwa wa ndimu, au ni mtoto chini ya miezi mitatu, usikae nyumbani kukanda.

5. Kuna vijipu vina tundu juu na mtoto anasema kuna kitu kinatembea. Anadanganya?

Hadanganyi, msikilize. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani, na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, kibuu kinaingia kwenye ngozi kimya kimya, na baada ya siku kadhaa unaona majipu mawili, matatu, mgongoni na kiunoni, kila moja na kitundu katikati kinachotoa majimaji. Ukichungulia vizuri na tochi ya simu unaona vidoti viwili vyeusi vinapanda na kushuka. Ndo anapumulia hapo.

Paka mafuta ya mgando mazito juu ya tundu, acha nusu saa au zaidi. Hewa ikikata anajitokeza mwenyewe, kisha unabana taratibu pembeni anatoka mzima, mweupe, mnene, na kelele za mama huwa kubwa kuliko za mtoto. Usimvute akakatika, kipande kikibaki ndani kinaleta usaha. Ukishindwa, nesi wa zahanati anamtoa dakika tano. Kuzuia ni pasi, pande zote mbili, na uzingatie mishono na kiuno cha nepi. Pasi ya mkaa inafaa vilevile, shida ni joto tu.

6. Alianguka wiki iliyopita, uvimbe umekuja baadaye na sasa ana homa. Vinahusiana?

Vinaweza. Damu ikivilia inaleta uvimbe unaouma, unabadilika rangi na kupungua ndani ya wiki mbili tatu. Hiyo siyo shida. Shida ni ule ambao baada ya siku kadhaa, badala ya kupungua, unazidi, mtoto anapata homa na hataki kuguswa. Kuna jipu linajenga ndani ya msuli wenyewe, huku kwetu kwenye joto linaonekana sana kwa watoto, na kwa juu ngozi inaweza kuwa safi kabisa, hakuna mdomo wala nini, panakuwa pagumu tu kama ubao. Hilo linahitaji altrasaundi, dawa za mshipa na mara nyingi kutolewa usaha. Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) akipata uvimbe unaouma juu ya mfupa na homa, aende siku hiyohiyo, maana mfupa wenyewe unaweza kuwa umepata maambukizi.

## Usiouma, uko pembeni, upo tu

7. Uvimbe ni laini, unateleza ukigusa, hauumi, upo miezi sasa. Huu nao ni nini?

Wengi wa hivi ni uvimbe wa mafuta: laini, unatelezateleza chini ya kidole, ngozi juu yake haina tatizo. Ukiwa mdogo na haukui, madaktari wengi wanauacha. Mwingine ni mfuko wa ngozi, ambao umejaa utando mweupe kama jibini lenye harufu, na unaweza kuwa na kidoti cheusi juu yake. Huu ukikamuliwa unarudi, kwa sababu mfuko umebaki ndani, dawa yake ni kuutoa na ganda lake.

Kwa kichanga kuna uvimbe wa mishipa ya damu: unaanza kama alama ndogo wiki za kwanza, alafu unavimba haraka mwekundu au wa bluu miezi ya mwanzo, mama anachanganyikiwa, na baadaye unasinyaa wenyewe miaka inavyokwenda. Kama uko sehemu mbaya au unatoka vidonda, kuna dawa ya kunywa inaitwa propranolo inayousinyaza, ila inaanzishwa na daktari tu. Na ukiwa kiunoni katikati, urudi kwenye kanuni ya swali la 1.

Kama mtoto ana vinundu laini pamoja na madoa mengi ya rangi ya kahawa ya maziwa mwilini, hesabu. Madoa sita au zaidi, kila moja zaidi ya milimita 5, mwambie daktari, kuna hali ya kurithi ya mishipa ya fahamu inayojitambulisha hivyo.

8. Na ukiwa mgumu?

Mgumu mdogo kama kokoto ndani ya ngozi unaweza kuwa kinundu cha vinyweleo kilichojaa chokaa, hakina madhara, kinatolewa. Mgumu unaotoka kwenye mfupa wa bega au mbavu unaweza kuwa mfupa ulioota pembeni, nao unakua pamoja na mtoto na kuacha kukua anapoacha kurefuka. Piga eksirei hata kama hauumi.

Watu wa maeneo ya mito yenye usubi, wale nzi weusi wadogo wanaouma, kama Mahenge kule Morogoro, wanajua vinundu vya usubi: vigumu, haviumi, vinakaa juu ya mifupa ya nyonga na mbavu, na ngozi inawasha balaa. Hapo taja kituoni kwamba mnaishi huko au mmetoka huko, daktari wa mjini anaweza asikumbuke kuuliza.

Kitu ambacho siyo uvimbe ila kinaletwa kila mara: baka la bluu-kijivu kiunoni au kwenye matako ya kichanga. Ukipitisha kidole hakuna kilichoinuka. Amezaliwa nalo, hakuna aliyempiga, na kwa wengi linafifia wakifika umri wa shule. Dada wa kazi wamefukuzwa kwa ajili ya hili baka, inauma.

## Ulio katikati ya mgongo

9. Mtoto kazaliwa na kinundu kiunoni katikati. Wengine wanasema ni mafuta tu.

Inaweza kuwa mafuta, lakini mafuta ya katikati siyo sawa na mafuta ya pembeni. Mengine yana mzizi unaoingia kwenye uti wa mgongo na kushikana na mishipa ya fahamu. Mtoto anazaliwa anapiga teke vizuri kabisa, kila mtu anatulia, alafu kadiri anavyorefuka uti unavutwa: anaanza kujikojolea wakati alishaacha, choo kigumu, mguu mmoja unakuwa mwembamba au unyayo unajipinda. Kwa hiyo kinundu cha katikati kinapigwa picha hata kama mtoto anatembea.

Hali hiyohiyo kama hakuna kinundu ila kuna kishungi cha nywele, alama nyekundu, au kishimo kilicho juu kiunoni. Kishimo kidogo kilicho chini kabisa, ndani ya sentimita 2.5 kutoka njia ya haja, ambacho unaona mwisho wake, kwa kawaida hakina neno. Na usichelewe: kabla ya miezi sita altrasaundi ya kawaida inaweza kuona uti wa mgongo kwa sababu mifupa bado haijakaza, baada ya hapo mtaambiwa MRI (picha ya mashine ya sumaku), na bei yake unaijua.

10. Kwa nini mnasisitiza usitumbuliwe?

Kwa sababu uvimbe wa katikati unaweza kuwa kifuko chenye maji yaleyale yanayozunguka ubongo. Sindano chafu au wembe ukiingia pale, vijidudu vina barabara ya moja kwa moja mpaka kichwani. Bibi anaona malengelenge laini anadhani ni maji ya kutoa tu, na hana nia mbaya. Mwambie kwa heshima: "Bibi, hii imeunganika na uti wa mgongo, tusubiri daktari." Kuchanja, kubandika majani, kinyesi cha ng'ombe, jivu, vyote hapana.

11. Huo ndo mgongo wazi? Na ni kosa la mama?

Mgongo wazi ni pale uti haukufunga tangu tumboni. Wapo ambao kifuko kimefunikwa na ngozi, na wapo ambao kiko wazi kinavuja. Kikiwa wazi, funika na gozi safi iliyoloweshwa maji ya dripu yenye chumvi, mlaze kwa tumbo, mpelekeni hospitali yenye upasuaji wa watoto siku hiyohiyo, maana lengo ni kumfunga ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Tanzania MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili wanafanya hizi kazi muda mrefu, Kenya hospitali ya Kijabe wanajulikana, Uganda kuna hospitali ya CURE ya Mbale. Mfuatilie na kichwa, wengi wao kichwa kinaanza kujaa maji.

Kosa la mama? Hapana, wala siyo laana, wala hakuna aliyeruka kitu. Uti unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati huo wengi hawajui kama wana mimba. Ndo maana zile FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki) za kliniki, pamoja na uzuri wake, kwa jambo hili zinakuja zimechelewa. Foliki ya kuzuia inaanza kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku, na aliyewahi kuzaa mtoto wa hivi anaandikiwa dozi kubwa zaidi na daktari. Inapunguza sana ila haizuii zote, kwa hiyo hata aliyemeza asinyooshewe kidole.

Uvimbe ulioning'inia kwenye kifupa cha mkia wa kichanga, hasa wa kike, unaweza kuwa kitu kingine kabisa, uvimbe wa chembe za mwanzo. Unatolewa mapema, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo hatari ya kugeuka saratani inavyopanda.

12. Mtoto ana miaka sita, alikuwa mzima, sasa pingili moja imechomoza kama ncha. Ni kibyongo?

Kibyongo kinachokuja kwa mtoto aliyekuwa amenyooka ni TB ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hili naomba ulisome mara mbili, maana watoto wanapelekwa kukandwa miezi na miezi huku mfupa unalika. Kikohozi si lazima kiwepo. Anaweza kuwa analia usiku, anapungua, jasho, homa za jioni, au mmoja wa nyumbani alitibiwa TB.

Kuna kijaribio unaweza kufanya sebuleni. Dondosha sarafu mwambie aokote. Mtoto mzima anainama tu. Huyu anachuchumaa taratibu, mgongo umenyooka kama fimbo, mkono mmoja kashikilia paja, anaokota, anapanda tena kwa kushika paja. Ukiona hivyo usingoje. Dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali, ya mifupa inatibiwa miezi 12, na mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usiogope. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi ni dharura.

13. Akisimama yuko sawa, akiinama upande mmoja wa mgongo unanyanyuka.

Huo siyo uvimbe, ni uti uliopinda kwa pembeni na kuzungusha mbavu. Unaonekana sana wasichana wanapoanza kurefuka haraka. Begi la shule halisababishi, jamani, mwacheni mtoto na begi lake. Peleka apigwe eksirei, maana wanaobakiza miaka mingi ya kukua ndo wanaohitaji kufuatiliwa karibu.

## Saratani na hospitali

14. Basi lini niwaze saratani?

Uvimbe unaokua wiki hadi wiki, mgumu, umeganda chini hautembei, umezidi sentimita 5, na cha ajabu wala hauumi. Kutouma kunawadanganya watu wengi. Ongeza kupungua uzito, homa zisizo na sababu, kupauka, tezi zingine kuvimba.

Ukanda wetu una moja ya haraka sana: limfoma (saratani ya tezi) aliyoielezea daktari wa upasuaji Denis Burkitt akiwa Uganda, mwaka 1958. Inajulikana kwa taya na tumbo, lakini inaweza kukaa kando ya uti na mtoto akashindwa kutembea ndani ya siku chache. Ni mbaya, na bado inaitikia dawa vizuri kama mtoto kafika mapema. Uvimbe wa ubavuni karibu na figo nao usibonyezwebonyezwe na kila anayekuja kumsalimia mgonjwa.

15. Nasikia kansa ikiguswa na kisu inasambaa, nikubali wachukue kinyama cha kupima?

Kubali. Wanaofariki baada ya kipimo wengi walifika wamechelewa, ndo watu wakaunganisha vitu viwili. Ninachokuomba ni kingine: uvimbe wowote ukitolewa, hata kwenye kituo kidogo, uliza "kinyama kinaenda maabara?" Nimeona mtoto aliyetolewa "mafuta" mahali fulani, kinyama kikatupwa ndoo, miezi minne baadaye uvimbe umerudi mkubwa na hakuna anayejua ulikuwa nini. Tukaanza sifuri.

16. Ni lini niondoke usiku huuhuu?

Miguu imelegea au hataki kusimama ghafla, mkojo au choo haviji au vinatoka vyenyewe, kifuko kinavuja maji, homa kali na uvimbe unaouma, shingo kukaza, au ni kichanga na ananyonya kwa shida. Sera ya Tanzania inasema mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure vituo vya serikali, kwa hiyo usibaki nyumbani unatafuta nauli na hela ya daktari, tafuta nauli tu.

17. Uvimbe umepotea kabla ya siku ya miadi. Bado niende?

Kama ulikuwa pembeni, ulikuwa na joto, ukapasuka au ukasinyaa na mtoto anaruka, piga simu uahirishe, acha nafasi kwa mwingine. Kama ulikuwa katikati, nenda hivyohivyo na picha zako za sarafu. Kifuko kinaweza kulala mtoto akitulia na kujaa tena akilia.